Mbwa Aliyeandikwa Mweusi

Hati ya kiwanja cha baba tumeitafuta wiki mbili nzima. Tumepekua masanduku, tumeinua magodoro, tumefungua hata lile kopo la biskuti ambalo mama huwekea sindano na vifungo. Haipo. Lakini kadi ya chanjo ya mbwa, mbwa aliyekufa miaka mingi iliyopita na hata mifupa yake sijui iliozea upande gani wa shamba, hiyo ipo. Imekunjwa vizuri mara nne na kuchomekwa ndani ya kava la ngozi la redio yake. Huyo ndiye baba yangu. Ametuachia kiwanja kisicho na karatasi na karatasi isiyo na mbwa.

Redio yenyewe aliifungua Godi, mdogo wangu, ili aone kama inaweza kuamka. Betri zilikuwa zimevujia ndani kitambo, zimetoa unga na kugandana na chuma, na alipozichokonoa kwa bisibisi ikatoka harufu ile ya chumvichumvi na kutu. "Takataka hii, tutupe," akasema. Nikampokonya mikononi kwa ukali, akabaki ananishangaa, na mimi mwenyewe sikujua mara moja nimekasirikia nini.

Waliosoma shule za msingi wakati wetu wanaijua harufu hiyo. Ubao wa darasani ukipauka mpaka chaki haionekani, mwalimu hakwenda dukani kutafuta rangi. Alisema tu, kesho kila mtu aje na betri mbovu na majani ya maboga. Tulizivunja betri kwa mawe, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, tukauponda pamoja na majani mpaka ukawa uji mzito, kisha tukaupaka ubaoni kwa matambara. Ukikauka ubao unakuwa mweusi wa kijanikijani, na chaki inakolea vizuri. Mimi darasani kwetu nilikuwa mpondaji hodari, nikijivunia kabisa kucha zangu nyeusi. Kama ningekuwa mvivu kama wenzangu, hii habari isingekuwapo.

Mbwa wetu aliitwa Masizi. Baba alikuwa fundi wa gereji hapa Karatu, akitengeneza magari yanayopeleka wageni kreta kuona wanyama, na dereva mmoja aliyetoka safari ya Wasso alimletea kitoto cha mbwa kama shukrani ya kazi. Kilikuwa kimesafiri siku nzima chini ya kiti katika zile barabara za mashimo, kimetapika mpaka hakina cha kutapika, na kilikuwa cheusi ti. Baba akakiangalia, akaangalia sufuria ya mama iliyokuwa mafigani, akasema, "Masizi." Jina likakaa. Ilikuwa masika, na katika masika jina lile halikuwa na kosa lolote.

Kiangazi kilipoingia, mbwa akaanza visa. Ncha za masikio zilipata rangi ya kutu. Kisha mkia. Kisha mbavu zote mbili, na kufikia ule mwezi ambao upepo wa milimani unazoa vumbi na kulimwaga kwenye kila chungu cha Karatu, Masizi alikuwa mwekundu kama tofali. Mama alidhani ni vumbi. Akamshika, akampiga sabuni ya mche, akamsugua kwa brashi ya kufulia. Maji yakatoka mekundu, na mbwa naye akatoka mwekundu. Akarudia. Jirani yetu Mama Tluway, mama wa Kiiraqw aliyekuwa na ng'ombe watatu na mdomo usiopumzika, alisimama kwenye ua akitazama mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Mama Aika, leo unafua mbwa?"

Mvua za kwanza ziliponyesha, manyoya mekundu yakaanza kumnyonyoka. Yalikuwa kila mahali. Kwenye chai, kwenye ugali, kwenye ovaroli ya baba, kwenye sweta langu la shule, na mimi ndiye niliyechapwa na kiranja kwa uchafu. Chini yake yakaja mapya, meusi ti kama ya siku aliyoletwa. Tukashukuru, tukadhani yamekwisha. Mwaka uliofuata akarudia vilevile, na uliofuata tena. Mgeni akija Agosti anauliza kwa nini mbwa mwekundu anaitwa Masizi. Mgeni yuleyule akija Februari anauliza yule mbwa wenu mwekundu alikwenda wapi. Nimeieleza habari hiyo mara nyingi kuliko nilivyosali, na hakuna aliyeiamini. Wengine walikwenda wakitangaza kwamba kwa fundi wana mbwa wawili.

Mtu mmoja tu hakuona mabadiliko yoyote, naye ni baba. "Mbwa ni mweusi," alisema. "Amepauka tu." Ukimwonyesha ubavu mwekundu anakujibu hivyohivyo, bila kugeuza kichwa.

Sasa mwaka mmoja, masika bado, tukatangaziwa chanjo ya kichaa cha mbwa katika uwanja wa shule. Tulikwenda wote watatu na Masizi kwenye kamba, matope yanafika kwenye vifundo. Godi alikuwa bado mgongoni kwa mama. Bwana mifugo alikuwa na meza, kalamu na rundo la kadi, na foleni ya mbwa waliokuwa wanataka kuuana. Akauliza jina la mbwa, baba akajibu. Akauliza dume au jike, baba akajibu. Akauliza rangi.

Mama akamvuta baba mkono wa shati. "Mwambie anabadilika."

"Nyeusi," akasema baba.

"Baba Aika, mwambie kiangazi anakuwa mwekundu."

"Andika nyeusi," baba akamwambia bwana mifugo, na bwana mifugo, ambaye mbwa wa nyuma yetu alikuwa ameshamrukia mwenziwe, akaandika nyeusi. Njia nzima ya kurudi mama alinung'unika. Baba akamjibu mara moja tu, kwa hoja ya gereji. Gari jeusi likikaa juani miaka kumi linapauka, alisema, lakini nani amewahi kwenda kubadilisha kadi ya gari kwa sababu ya jua? Kadi inasema lilivyotoka kiwandani. Mama akasema mbwa hatoki kiwandani. Baba hakujibu, na kwa baba kutojibu kulikuwa na maana kwamba ameshinda.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na hoja yangu ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa sindano ilipozama kwenye shingo ya Masizi, katikati ya manyoya meusi, na niliona tone la dawa likibaki kwenye ngozi kisha likapotea. Nikaamini dawa imeingia kwenye weusi. Kwa hiyo Juni ilipofika na masikio yakaanza kushika kutu, nilielewa kinachotokea. Dawa ilikuwa inachujuka. Nilimchunguza kila siku nikitoka shule, nikipima kwa macho imebaki kiasi gani. Siku moja nilimuuliza mama kama dawa inaweza kutoka mwilini. Alikuwa anapuliza moto uliokataa kuwaka, machozi yanamtoka kwa moshi, akanijibu bila kunitazama kwamba dawa yoyote hutoka, ndiyo maana mtu hupewa nyingine. Ningemuuliza wakati mwingine labda angefikiri. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwangu jambo likawa limethibitishwa na mtu mzima.

Agosti hiyo mbwa asiyejulikana ni wa nani alikatiza mnadani, akang'ata watu wawili, akapitia kwa Mama Tluway akamng'ata ndama mdomoni. Wale watu walipelekwa Arusha kuchomwa sindano na wakapona. Ndama hakupelekwa popote. Wiki kadhaa baadaye akaanza kulia kwa sauti ambayo si ya ng'ombe, mate yanamning'inia mpaka chini. Mama Tluway alimsogezea ndoo ya maji. Ndama akaitumbulia macho ile ndoo, akarudi nyuma, akajibamiza kwenye ua. "Mwenye ugonjwa huu hanywi maji," Mama Tluway alituambia sisi watoto tuliojipanga kuchungulia. "Ukitaka kumjua, mpe maji." Ndama akafa siku ya pili, wakamfukia na ndoo yake.

Hapo mwenyekiti wa kitongoji akapita akitangaza. Jumamosi kutakuwa na msako wa nyumba kwa nyumba. Kila mbwa afungwe kamba, na mwenye mbwa asimame na kadi mkononi. Asiye na kadi, mbwa wake anapigwa risasi papo hapo. Na kwa sababu watu wa Karatu ni watu wa Karatu, siku ileile walianza kuazimana kadi kupitia uani. Habari zikamfikia bwana mifugo, naye akatoa tangazo la pili: safari hii atasoma kadi mstari kwa mstari, na mbwa asiyelingana na kadi yake atahesabiwa hana kadi.

Ijumaa jioni mama akaitoa kadi ya Masizi kabatini. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma mashtaka. Alipofika kwenye rangi akaishusha kadi, akamtazama Masizi aliyekuwa amelala mlangoni, mwekundu kuanzia puani hadi mkiani.

"Nenda kwa bwana mifugo leo," akamwambia baba. "Kamweleze."

"Nimweleze nini? Kadi ninayo."

"Kadi inasema nyeusi."

"Na mbwa ni mweusi."

"Baba Aika, una macho?"

"Ninayo, ndiyo maana kila siku naunga nyaya za magari ya watu na hayajawahi kuungua." Akainua redio, akaifungulia taarifa ya habari kwa sauti kubwa. Alikuwa amenunua betri nne mpya siku hiyohiyo, na alitaka kuzifaidi. Mama akairudisha kadi kabatini akaufunga mlango wa kabati kwa nguvu. Nilijua basi kwamba watu wazima hawatafanya kitu, na kwamba kesho Masizi atakufa kwa sababu ya neno moja.

Asubuhi baba alikwenda gereji akisema atarudi kabla ya saa nne, mama akaenda kuteka maji na Godi. Nilitafuta betri mbovu nyumba nzima, hata moja sikupata. Nikaichukua redio. Sitajitetea. Nilizitoa zote nne, zikiwa bado zinang'aa, nikazivunja kwa jiwe nyuma ya choo. Nikachuma majani ya maboga ya mama, nikaponda kwa ufundi wangu wote mpaka uji ukakaa sawa, ule ambao mwalimu angeusifia. Nikampaka Masizi kichwa, shingo, mgongo, mbavu na miguu ya mbele. Uji ukaishia hapo. Tumbo na makalio vikabaki vyekundu. Lakini kwa mbali, ukikodoa macho kidogo, alikuwa mweusi. Na ndani ya roho yangu niliona nimefanya mambo mawili kwa mpigo. Nimemlinganisha na kadi, na pengine nimemfungia ndani hiyo dawa iliyobaki isizidi kutoka.

Mbwa mwenye akili angekaa akauke. Huyu akaanza kujilamba. Nilimpiga kofi akaacha, nikageuka kunawa, akaendelea. Nilimfunga kamba fupi kwenye chesisi ya gari bovu iliyokuwa uani, akalamba miguu. Nilimsihi. Nilimwita majina ambayo nikiyasema leo mbele ya wanangu nitaona aibu. Aliponichoka akanitazama, na nikaona udenda unaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, mzito, wa kijivu, ukivutika mpaka chini na kufanya povu.

Walikuja wakati uleule ambao baba alikuwa anaingia na spana mkononi na mama anatua ndoo. Bwana mifugo, mgambo mmoja mwenye bunduki, na Mama Tluway nyuma yao, maana kwake walikuwa wameshamaliza na hakutaka kupitwa.

"Habari za hapa," akasema bwana mifugo.

"Nzuri, karibuni," akasema baba, akatoa kadi kabatini na kumpa.

Bwana mifugo akasoma. Masizi. Dume. Nyeusi. Akainua macho. Akamtazama mbwa yule wa kijanikijani mwenye tumbo jekundu na manyoya yaliyosimama kwa uji mkavu, akamtazama muda mrefu. "Mzee," akasema, "huyu mbwa amepakwa rangi."

Baba alikuwa hajamtazama Masizi tangu aingie. Sasa akamtazama. Akahamishia spana mkono wa pili.

"Nimesema watu mnaazimana kadi," akaendelea bwana mifugo, "lakini kupaka kabisa ndiyo naona kwako." Hapo udenda wa Masizi ukakatika na kudondoka, na mwingine ukafuata. Bwana mifugo akauona. Akarudi hatua mbili. Mgambo akashusha bunduki begani. "Mama," bwana mifugo akamwambia mama kwa sauti ya chini kabisa, "mwingize mtoto ndani."

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Ni rangi ya ubao. Nimempaka mimi ili awe mweusi. Amelamba, ndiyo anatoka mate. Ni betri."

"Betri za wapi?" akauliza baba.

"Za redio."

"Zile mpya?"

Naapa, mbwa alikuwa mbele ya bunduki na baba alitaka kujua kama ni zile mpya. Nikasema ndiyo. Baba akafumba macho.

"Mzee, mtoto anamtetea mbwa wake," akasema bwana mifugo. "Kila nyumba wanafanya hivyo. Tusogee, tumalize."

Baba akafumbua macho, akanitazama mimi. "Aika. Kabla hujampaka, alikuwa anatoka mate?"

"Hapana, Baba."

"Una hakika?"

"Ndiyo, Baba."

Akampa mama ile spana. Akaenda mpaka kwenye chesisi, akapiga goti mbele ya Masizi, akamfungua taya kwa mkono mmoja kama anafungua boneti, na vidole vya mkono wa pili akavipitisha ndani ya mdomo, huku na huku, chini ya ulimi. Akavitoa vikiwa na utando mweusi. Akavinusa. "Betri," akasema. Akamnyooshea bwana mifugo. "Nusa mwenyewe."

Bwana mifugo hakusogea. Mama akasikitika kwa lugha ya kwao, "Yelewi," taratibu, akaketi juu ya ndoo.

Nieleze kilichonipata pale, maana hakuna aliyekijua. Baba hakumpenda yule mbwa. Hakuwahi hata kumpapasa. Aliingiza mkono wake mdomoni kwa sababu mimi nilisema. Na mimi nilichosema kilikuwa kweli kuhusu mate, lakini sikusema lile jingine, kwamba dawa ya Masizi nilikuwa nimeiona ikichujuka toka Juni, na kwamba kwa hesabu zangu ilikuwa imebaki labda tone moja tu. Mkono wa baba ulikuwa na michubuko. Mkono wa fundi siku zote una michubuko.

Mama Tluway ndiye aliyemwokoa mbwa pale pale, ingawa alikuwa mtu wa kufurahia mambo yakiharibika. Akamwambia bwana mifugo kwamba mbwa ni huyuhuyu mmoja, kila mwaka anageuka hivi, amemwona akifuliwa kwa sabuni. Bwana mifugo akamtazama kama anayemdhania naye ana homa. Lakini akamwambia mgambo aweke bunduki begani. Akatoa hukumu. Mbwa afungwe hapohapo siku kumi, asiguswe. Akiwa na kichaa hatafika siku ya kumi, atakufa. Akifika akiwa mzima, hana ugonjwa. "Na wewe mzee," akasema, "nenda hospitali leo, usingoje."

"Kwa ugonjwa wa betri?" akasema baba, na hakwenda. Mama alimsugua ule mkono kwa sabuni ya mche na brashi ileile ya kufulia, muda mrefu, mpaka vidole vikavimba.

Siku kumi. Nilichora mistari ya mkaa nyuma ya mlango. Siku ya kwanza Masizi alitapika mambo meusi, akakataa chakula. Nikajua amekwisha, na baada yake ni zamu ya baba. Siku ya pili akala ugali kidogo, lakini hofu yangu ilikuwa imeshahamia kwa baba. Asubuhi kabla hajavaa ovaroli nilimpelekea kikombe cha maji. Akanywa. Jioni akiingia tu, kikombe. Akiwa mezani, kikombe. Nilisimama mbele yake nikilitazama koo lake likipanda na kushuka.

"Huyu mtoto ana nini na maji?" alimuuliza mama siku ya tatu.

"Anaomba msamaha wa betri zako," akasema mama.

Nyumba ilikuwa kimya. Baba alikataa kununua betri nyingine, akasema atakaa bila habari mpaka mimi nijue thamani ya habari. Alipiga mluzi badala yake, mluzi uleule kila jioni, usio na mwanzo wala mwisho. Ulikuwa unakera mpaka mama alikuwa anatoka nje. Alinichosha kwa mluzi na mimi nikamchosha kwa vikombe. Kuna siku alikunywa vinne kabla ya chakula cha usiku, akanung'unika kwamba atageuka tangi. Lakini alikunywa.

Siku ya sita akapaliwa. Maji yalimwendea vibaya, akakohoa, yakamtoka puani, akakisukuma kikombe kando kwa mkono. Mimi nikaona ndama. Sikulia, nilikimbia. Nilipita kwenye ua wa Mama Tluway nikaacha kipande cha gauni kwenye miba, nikamshika kanga, nikamwambia baba amekataa maji. Akaja naye mbio. Akamkuta baba anajifuta pua kwa kitambaa, ameudhika, anauliza kuna msiba gani. Mama Tluway akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu. Baba akaniangalia kwa muda. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hicho kikombe," akasema. Akakijaza mwenyewe kutoka kwenye ndoo mpaka ukingoni, akanywa akiwa amesimama, taratibu, bila kupumzika, macho yake kwangu. Akakigeuza juu chini kuonyesha kimekwisha. "Haya, nenda kalale," akasema, na jua lilikuwa bado halijazama.

Siku ya kumi bwana mifugo alirudi. Masizi alikuwa amenenepa kwa kulala, anamtingishia mkia kila mtu, bado ana mabaka ya ubao mgongoni. Bwana mifugo akacheka kidogo, akaitoa kadi aliyokuwa ameizuia, akashika kalamu. "Sasa rangi niandike nini?" akauliza.

"Nyeusi," akasema baba.

"Nyeusi masika, nyekundu kiangazi," akasema mama, na safari hii alikuwa amesimama mbele ya baba. Nafasi haikutosha. Bwana mifugo akaandika pembeni ya kadi, kwa herufi zilizobanana, kuzunguka kona. Ndiyo kadi hii niliyonayo. Baba aliipokea, akaisoma, akasema imeharibika.

Mvua zikaja, rangi yangu ya ubao ikaondoka pamoja na manyoya mekundu, nyeusi ikatoka chini kana kwamba hakuna aliyehangaika. Masizi aliishi miaka mingine mingi, akibadilika kila mwaka bila haya, akafa kwa uzee. Nilipofika sekondari nikafundishwa kwamba jua linaunguza nywele nyeusi, na kwamba chanjo haikai kwenye manyoya. Nilikaa darasani nimekasirika kipindi kizima. Sikuwahi kumwambia baba habari ya dawa iliyochujuka. Wala hatukuwahi kuzungumza habari ya vikombe. Niliamini mama ndiye aliyempatia jibu, kwamba nilikuwa naomba msamaha wa betri.

Mwaka huu alilazwa. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine kabisa, wa koo, na mwishoni hata uji ulikuwa haupiti. Muuguzi alituambia tumpe maji kwa kijiko, kidogokidogo, kama atakubali. Hakukubali kwa yeyote. Mama alijaribu, Godi alijaribu, aligeuza uso ukutani. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika, kama kawaida yangu mtu ninayempenda akikataa kunisikiliza. Nikaacha kijiko, nikachukua kikombe, nikasimama mbele yake na kukinyoosha.

Akageuka. Akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Bado unanipima," akasema. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibidi niiname.

Nikakisogeza kikombe karibu.

"Leo siku ya ngapi, Aika?"

"Ya kumi, Baba," nikamwambia.

Akafungua mdomo. Nikamwinulia kichwa, nikalitazama koo lake, na akameza.